Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "The Man Trap", episodi ya kwanza ya Star Trek kuruka hewani

Ikifika tarehe 8 Septemba mashabiki wa Star Trek, ile tamthilia ya TV ya Marekani ya safari za angani, dunia nzima wanasherehekea, na kila mwaka maswali ni yaleyale, eti ilianzaje, lile dude lilikuwa nini, na ni kweli kuna watu waliongea Kiswahili mle ndani au ni stori za vijiweni. Nimeamua kuyajibu yote kwa mkupuo. Nasimulia mpaka mwisho wa hadithi, na kwa kuwa mzigo wenyewe ulitoka 1966 sidhani kama kuna wa kunilaumu kwamba nimemharibia.

Sijawahi kuiona. Inahusu nini hasa?

Meli ya Enterprise inafika sayari ya M-113, kazi yenyewe ya kawaida tu, kumpima afya Profesa Robert Crater anayechimba magofu huko pamoja na mke wake Nancy. Huyo Nancy ni mpenzi wa zamani wa Daktari McCoy. Sasa vituko vinaanza palepale anapotokea mlangoni, McCoy anamwona Nancy wa enzi zao, hajazeeka hata kidogo, Kapteni Kirk anamwona mama wa makamo mwenye mvi, na kijana mmoja wa meli aitwaye Darnell anamwona blondi aliyewahi kukutana naye kwenye sayari ya starehe. Mwanamke mmoja, sura tatu. Muda si mrefu Darnell anakutwa amekufa, usoni ana madoa mekundu ya mviringo na mwilini hana chumvi kabisa.

Nancy mwenyewe alishauawa kitambo. Aliyebaki pale ni dude linalochukua sura ya mtu unayemuwaza, linaishi kwa kunyonya chumvi ya mwili, na mume wa marehemu anajua kila kitu na bado anakaa nalo nyumba moja. Hapo kwa mume ndo utamu wote ulipo kwa maoni yangu, watu wanaishia kwenye dude wanasahau kwamba kuna mzee mpweke anayeishi na muuaji wa mke wake kwa sababu tu lina sura ya mke wake.

Kwa hiyo hii ndo ya kwanza kutengenezwa?

Hapana, ni ya kwanza *kurushwa*. Hapa ndo watu wengi wanajichanganya. Kulikuwa na episodi ya majaribio, "The Cage", kituo cha TV cha NBC wakaikataa kwa madai kwamba inafikirisha mno, wakaomba ya pili, jambo ambalo si la kawaida kabisa kwenye biashara ya TV, mtu akikukataa kakukataa. Ya pili ikawa "Where No Man Has Gone Before" na hiyo wakaikubali. Baada ya hapo zikafuata "The Corbomite Maneuver", "Mudd's Women" na "The Enemy Within", alafu ndo ikaja "The Man Trap" ambayo walii-shuti mwishoni mwa Juni 1966 kwenye studio za Desilu. Hesabu vizuri utaona ni ya sita ukijumlisha zile za majaribio.

Ndo maana pia kuna vitu vinaonekana vimeruka ruka. Kwa mfano Uhura, afisa wa mawasiliano wa meli, kwenye "The Corbomite Maneuver" kavaa gauni la rangi ya dhahabu, huku kavaa jekundu, mtazamaji wa 1966 aliona jekundu kwanza, wiki kadhaa baadaye akaona la dhahabu, akabaki anashangaa.

Sasa kwa nini NBC waliichagua hii na kuziacha nyingine?

Kwa sababu ina dude. Si utani. NBC walikuwa wanataka kitu ambacho mtu akiwasha TV dakika tano tu anaelewa: meli, sayari ya ajabu, kiumbe kinaua watu. "Where No Man" waliona ina maelezo mengi sana, "Mudd's Women" inahusu mwanaume anayesafirisha wanawake kwenda kuwaoza kwa wachimba madini, mada ambayo hakuna netiweki ingependa kujitambulisha nayo siku ya kwanza, na "The Corbomite Maneuver" ambayo mimi naiona ni bora zaidi ilikuwa na kazi kubwa ya efekti haijaisha, alafu karibu yote inatokea ndani ya meli. Ikabaki hii. Ikapangwa Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966, saa mbili na nusu usiku.

Kabla hujaenda kubishana na mtu: Kanada waliiona kwanza. Kituo cha CTV kiliirusha tarehe 6, siku mbili kabla ya Wamarekani.

Nani aliiandika?

George Clayton Johnson. Kama jina halikwambii kitu, huyu jamaa aliandikia The Twilight Zone, alishiriki kutunga hadithi ya filamu ya Ocean's 11 ile ya 1960, na baada ya hapo mwaka 1967 akatoa riwaya ya Logan's Run akiwa na William F. Nolan. Star Trek aliiandikia episodi hii moja tu basi. Alifariki siku ya Krismasi 2015.

Skripti ilipita kwenye mikono mingi, na mwenye rungu la mwisho alikuwa Gene Roddenberry mwenyewe, mwanzilishi wa Star Trek, ndivyo alivyofanya karibu kwa kila mwandishi mwaka ule wa kwanza. Jina nalo lilibadilika. Kuna wakati liliitwa "Damsel With a Dulcimer", maneno ya shairi la Coleridge, alafu likawa "The Unreal McCoy" kwa kumtania daktari. Hilo la pili halikufa, James Blish alipogeuza episodi kuwa hadithi za kitabu mwaka 1967 alilitumia hilohilo.

Tuambie ukweli, kuna Kiswahili au hakuna?

Kipo. Wala si neno moja la kupita.

Iko hivi. Dude limeshapanda melini, linazurura kwenye korido na njaa yake, linakutana na Luteni Uhura. Linamsoma mawazo, alafu mbele yake anasimama kijana mweusi, mrefu, mtanashati, kavaa yunifomu ya meli. Mwigizaji ni Vince Howard. Uhura anamuuliza kama wanafahamiana, jamaa anamjibu kwamba Uhura ndo alikuwa anamuwaza mtu kama yeye, alafu anamwongelesha Kiswahili. Uhura kwanza anashtuka, alafu uso unafunguka, anamjibu kwa Kiswahili hichohicho. Mtazame Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, macho yake kuanzia hapo. Anatoka kwenye mshangao anaingia kwenye furaha, alafu taratibu anaanza kulegea, mgongo umeshagusa ukuta, mkono wa jamaa unapanda juu, na wewe unayetazama unajua huyo siyo mtu. Anaponea chupuchupu.

Lafudhi zao ni za Marekani, tusidanganyane, ukisikiliza mara ya kwanza inabidi urudishe nyuma. Ila fikiria mwaka. Ni 1966, miaka miwili tu tangu sheria ya haki za kiraia ya Marekani ipitishwe, na saa ambayo familia nzima iko sebuleni wanaonekana mwanamke mweusi na mwanaume mweusi wanabembelezana kwa lugha ya Kiafrika na hakuna mtu anayeigeuza kuwa kichekesho. Watu wanapenda kuongelea busu la Kirk na Uhura la Novemba 1968 kwenye "Plato's Stepchildren", na ni haki yao, lakini mimi hii scene ya koridoni naiweka juu zaidi. Kule wawili hao wanalazimishwa na viumbe wenye nguvu za akili. Huku dude limeingia kichwani kwa Uhura likakuta nyumbani kwake, likamletea nyumbani.

Kiswahili kilirudi tena baadaye?

Ndiyo. "The Changeling", tarehe 29 Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu, inabidi afundishwe kusoma upya, na akikwama kwenye Kiingereza anatoka na Kiswahili, Nesi Chapel anamrudisha kwenye mstari. Dairekta wa zote mbili ni mtu mmoja, Marc Daniels.

Na jina la Uhura je?

Hili mnalijua wenyewe, nitapita haraka. Nichols alienda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho *Uhuru*, riwaya ya 1962 kuhusu Kenya inapokaribia kujitawala. Wakazungumza, Roddenberry akalipenda, likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Jina la kwanza, Nyota, halikuwepo kabisa kwenye TV miaka ya sitini, lilianzia kwenye vitabu miaka ya themanini, na likatamkwa rasmi kwenye filamu ya 2009 ya Zoe Saldana. Kwenye Strange New Worlds, tamthilia nyingine ya Star Trek iliyoanza 2022, Uhura wa Celia Rose Gooding anasema wazi kakulia Kenya.

Spock na Uhura walikuwa wanatongozana?

Uhura ndo alikuwa anamchokoza. Mapema kabisa kwenye episodi wako zamu, hakuna kazi, Uhura amechoka kukaa kimya anamwambia Spock, yule afisa mwenye damu ya Kivulcan, basi nisimulie hiyo sayari yenu ya Vulcan inavyokuwa jioni mwezi ukiwa mpevu. Spock anamjibu Vulcan haina mwezi. Na Uhura anamwambia wala hilo halimshangazi. Hahaha, yaani mpaka leo bado inachekesha.

Kijistari hicho kidogo kilikuja kuwasumbua watu wazima na akili zao. Mwaka 1979 ilipotoka filamu ya kwanza ya Star Trek, angani kwa Vulcan kunaonekana madude makubwa ya duara. Mashabiki wakaja juu, si mlisema haina mwezi! Toleo la dairekta lilipotoka 2001, madude yakafutwa, anga ikawa tupu. Miaka 22 ya kelele kwa sababu ya sentensi moja ya Spock.

Ndani ya lile dude alikuwa nani?

Mwanamke. Sandra Gimpel, mchezaji dansi ambaye baadaye akawa mtu wa kucheza zile scene za hatari kwa niaba ya waigizaji. Hakuwa mgeni pale, kwenye "The Cage" alicheza mmoja wa wale Watalosi wenye vichwa vikubwa, maana wale nao walichezwa na wanawake, sauti ya kiume iliwekwa baadaye. Na huyohuyo Gimpel kwenye Lost in Space alikuwa anamchezea yule mtoto, Billy Mumy, zile sehemu za kuanguka na kurushwa. Chekesho la pembeni: Lost in Space ndo ile iliyokuwa CBS, na CBS ndo waliomsikiliza Roddenberry akieleza wazo lake la Star Trek alafu wakamwambia asante, sisi tunayo yetu.

Nguo na kichwa vilitengenezwa na Wah Chang. Manyoya yamechakaa, uso umekunjamana, mdomo wa duara, na kwenye vidole vile vinyonyeo vya mviringo vinavyoacha madoa usoni mwa maiti. Ukipausha video ukaitazama vizuri utaona ni kazi ya mtu aliyekaa akafikiria, maana ule mdomo na vile vidole vinakueleza jinsi linavyokula bila mtu yeyote kukuelezea. Na ile sura ni ya huzuni bana, macho yameingia ndani kama mzee asiyelala. Sidhani kama ilitokea kwa bahati mbaya.

Huyo Wah Chang mbona jina lake halipo mwishoni?

Hili swali nalipenda. Wah Chang alitengeneza nusu ya vitu unavyovikumbuka kuhusu Star Trek: komunikeita ile ya kuongelea, ya kufungua kwa kidole, trikoda ile ya kupimia vitu, dude la Gorn, ile sura ya kutisha ya Balok, hata meli ya Waromulani. Shida ni kwamba hakuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa vifaa vya studio, na studio za Marekani vyama vina nguvu, kitu kikitengenezwa kwa oda na mtu asiye mwanachama ni kesi. Wakatafuta njia ya panya. Ikasemwa kwamba Wah Chang kajitengenezea vitu vyake kivyake huko kwake, na Desilu walipita tu wakavikuta, wakavinunua kama mtu anavyonunua bidhaa dukani. Kisheria ikakaa. Ila ukishasema hivyo huwezi tena kuweka jina lake kwenye orodha ya waliofanya kazi, ndo ikawa hivyo.

Ni kweli vifaa vya Daktari McCoy vilikuwa vichupa vya chumvi?

Kweli tupu, na chanzo chake ni episodi hii.

Dude linakula chumvi, kwa hiyo kuna scene zinazohitaji kichupa cha chumvi kionekane vizuri. Mojawapo ni Janice Rand akimpelekea Sulu, mwenzake wa melini, chakula kwenye trei, dude limeshajigeuza likawa na sura ya jamaa anaitwa Green, linamfuata Rand kwenye korido macho yote yako kwenye trei kama ng'ombe aliyenusa magadi. Sasa watu wa vifaa wakaingia madukani wakanunua vichupa vya chumvi vya kisasa, mitindo ya nje, ili vifanane na karne zijazo. Vilikuwa vizuri kweli. Tatizo ni kwamba vilikuwa vya kisasa mno, ukiviangalia hujui ni nini, na kama mtazamaji hajui kuwa ile ni chumvi basi scene yote imekufa. Wakarudi kwenye vichupa vya kawaida ambavyo hata bibi yako angevijua.

Vile vya gharama havikutupwa. Roddenberry akasema viwe vifaa vya hospitali ya melini. Kwa hiyo miaka yote mitatu ya Star Trek ukimwona McCoy anampitishia mgonjwa kitu kinachong'aa juu ya kifua na kuguna kitaalamu, jua daktari ameshika kichupa cha chumvi. Sauti waliiongeza baadaye.

Ule mmea wa Sulu unaojitikisa ulikuwa mashine?

Mkono wa mtu. Glovu ya waridi imepambwa, mtu kajikunja chini ya meza, anachezesha vidole. Sulu anauita Gertrude, Rand anabisha kwamba ni dume na mwanamke anajua. Hapohapo Sulu akipokea chakula anamwombea Rand baraka za Ndege Mkuu wa Galaksi. Mstari wa kupita tu, lakini Robert Justman, prodyuza msaidizi, akaudaka akaanza kumwita Roddenberry "Ndege Mkuu wa Galaksi", na bosi akabaki na jina hilo mpaka kaburini.

Mbona dude lilimshambulia Spock na hakufa?

Kwa sababu damu yake ya Kivulcan ina chumvi za aina nyingine. Mwenyewe anaeleza, mababu zake walitokea kwenye bahari tofauti na ya mababu zetu. Ni jibu la kisayansi la kutosha kwa TV ya 1966 na ni zuri pia kihadithi, maana mwishoni Spock huyohuyo ndo anampiga "Nancy" kwa nguvu mbele ya McCoy kumwonyesha kwamba mwanamke wa kawaida asingebaki amesimama.

Scotty yuko wapi?

Hayupo. James Doohan, anayemcheza huyo mhandisi wa meli, haonekani kwenye episodi hii kabisa. Chekov, afisa mwingine wa meli, naye usimtafute, alikuja msimu wa pili. Na DeForest Kelley, ambaye hadithi yote inamzunguka yeye, jina lake halipo kwenye utambulisho wa mwanzo. Msimu wa kwanza utambulisho ulikuwa wa Shatner (Kirk) na Nimoy (Spock) tu, Kelley akaongezwa kuanzia msimu wa pili. Kazi aliyoifanya humu ni ya watu wawili, anacheza McCoy alafu anacheza dude linalojifanya McCoy, angalia anavyokuwa mpole kupita kiasi kwenye kile kikao, McCoy wa kweli angeshafoka.

Kirk anasimuliaje vitu ambavyo hajavijua bado?

Umeona eh. Kwenye logi ya kapteni anatueleza kabisa kwamba kila mmoja alikuwa anamwona mwanamke tofauti, wakati kwenye hadithi yeye na McCoy ndo kwanza wanabishana kama Nancy kazeeka au la. Maana yake anasimulia baada ya mambo kuisha. Baadaye mfumo wa logi ukatulia, kapteni anarekodi alichokijua saa ileile, hii ilikuwa bado wanatafuta njia. Binafsi nadhani waliogopa mtazamaji asielewe kwa nini mtu mmoja anaonekana kwa sura tatu, wakaona bora wamwambie.

Marc Daniels alikuwa nani kabla ya hapa?

Dairekta mzoefu wa vichekesho. Msimu wa kwanza wa I Love Lucy, 1951, karibu wote ni wake, na Desilu ilikuwa kampuni ya Lucille Ball, ndo ujue mama yule asingekubali kutoa pesa zake Star Trek isingekuwepo. Daniels alirudi mara nyingi, "Space Seed" ni yake, "Mirror, Mirror" ni yake, "The Doomsday Machine" ni yake. Kwa hii aliyoanza nayo mwangalie anavyomtumia mwigizaji wa Nancy, anakata kutoka Jeanne Bal mwenye mvi kwenda Jeanne Bal kijana bila mbwembwe yoyote, unageuza shingo kashabadilika. Muziki ni wa Alexander Courage, yule aliyetunga wimbo wa utambulisho.

Watu waliipokeaje?

Watazamaji vizuri, ilishika namba moja kwa saa yake usiku ule. Wahakiki ni habari nyingine, gazeti la Variety liliiponda likasema mambo haya hayataenda popote. Wiki zilizofuata namba za watazamaji zilishuka kweli, na ikafa baada ya misimu mitatu, kwa hiyo huwezi kusema Variety walikosea siku ile. Walikosea kwa miaka hamsini na kitu iliyofuata, basi.

Jina lake rasmi ni "vampaya wa chumvi"?

Hilo ni la mashabiki. Ndani ya episodi halipo.

Lilionekana tena?

Nguo yake ndiyo. "The Squire of Gothos", Januari 1967, ndani ya jumba la kiumbe aitwaye Trelane kuna maonyesho ya viumbe vilivyokaushwa, na dude letu limesimama pale ukutani. Pesa ya kutengeneza jipya haikuwepo, la zamani lipo stoo, litolewe.

Ilikuwa haki kuliua? Lilikuwa la mwisho wa aina yake!

Hili ndo swali linalogombanisha watu kila mwaka na sioni litakwisha lini.

Profesa Crater anatetea kwamba limebaki moja, sayari iliisha chumvi, wenzake wote wamekufa njaa. Anatoa mfano wa baisani, wale nyati wa Marekani, kwamba walikuwa mamilioni, mbuga zimejaa nyeusi tii, na wakakaribia kuisha. Mfano si wa kubuni. Marekani walifyeka mamilioni ya wanyama hao karne ya 19 mpaka miaka ya 1880 wakabaki mamia. Alafu anawataja na njiwa wahamiaji, ambao wa mwisho kabisa alifia kwenye zuu ya Cincinnati mwaka 1914. Mtu wa 1966 aliyekuwa na miaka sitini alikuwa hai njiwa yule akiwa hai. Kwa hiyo Johnson hakuandika hadithi ya jini, aliandika hadithi ya uwindaji alafu akatuweka upande wa mwindaji.

Ila upande wa pili nao una hoja. Limeua watu wanne wa meli, na wakati McCoy anafyatua lilikuwa tayari limemganda Kirk usoni. Lilikuwa na uwezo wa kuongea, na Crater aliligawia chumvi yake mpaka ikaanza kuisha, na ndiyo maana alikuwa anawasumbua akina Kirk wamletee zaidi. Kwa nini halikuomba? Likiwa kikaoni na sura ya McCoy linajitetea lenyewe kabisa, linasema halina hatari likipewa chakula chake, na hakuna anayeshtuka. Pale palikuwa na mlango wa kutokea bila damu, na hakuna aliyeusukuma, si dude wala kapteni.

Mimi nasimama na McCoy kwa pale alipofikia, dude linarudi sura ya Nancy likimlilia, naye anamwomba Mungu msamaha ndo anafyatua tena. Ila naona pia watengenezaji wenyewe hawakuridhika, maana Machi 1967 walirusha "The Devil in the Dark", kiumbe kinaua wachimba madini, wote wanataka kiuawe, na safari hii Kirk anakataa kufyatua, Spock anakwenda kukiongelesha, kumbe ni mama analinda mayai. Zitazame hizo mbili usiku mmoja, kwa mpangilio huo.

Nitazame toleo la zamani au lile lililosafishwa?

Lolote. Kuanzia 2006 CBS walisafisha picha na kubadilisha sehemu za meli na sayari kwa kompyuta, kwa hiyo M-113 ukiiona toka angani inapendeza zaidi. Waigizaji hawakuguswa, dude ni lilelile, na ile scene ya koridoni ya Uhura iko palepale. Tumia hedifoni ukifika hapo, spika za simu zinameza maneno.